Mifuko ya Kubana Mikono

Msiniambie habari za semina. Ile ya kwanza nilikaa mstari wa mbele, daftari mkononi, nikawa mwanafunzi bora kuwapita wote. Mtaalamu wa siku zile alitufundisha kwamba mtoto mwenye usonji akipepea mikono azuiwe palepale, kwa sauti ileile kila siku: mikono chini. Akitii, umwambie "vizuri", umpe pipi. Nami fundi cherehani, nikamshonea binti yangu magauni yenye mifuko mirefu ya kubana, mikono ikiingia isitoke ovyo. Alikuwa na miaka minne. Alilia miezi mitatu, kisha akanyamaza. Majirani wakanisifu malezi, kichwa kikanivimba, Mungu anisamehe.

Sasa ana miaka ishirini na mmoja. Anashinda kwenye kiti kando ya cherehani yangu, mikono mfukoni, na maneno yake kwa siku hayafiki kumi. Siku nyingine anajing'ata bega mpaka damu.

Juzi dada yangu akanikokota kwenye semina mpya. Mwalimu binti mdogo tu, ningeweza kumzaa, na yeye mwenyewe ana usonji. Alifundisha huku akizungusha kamba vidoleni, na hakuna aliyemkemea. Alieleza kuwa watafiti wa siku hizi wamekaa na watu wazima waliozuiwa utotoni, wakawasikiliza. Kumbe kule kupepea ndiko kulikowatuliza. Ukimzuia mtu, dhiki haiondoki, inatafuta mlango mwingine. Nikaliona bega la mwanangu. Nikauliza, mbele za watu, kama aliyezuiwa huweza kurudi alivyokuwa. Hakunidanganya. Alisema wengine hurudi, polepole sana, na wengine hawarudi.

Njiani dada akanifariji eti nilifanya nilichofundishwa. Ni kweli, na hainisaidii chochote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, asubuhi yake nilichukua wembe nikafumua mifuko ya magauni yote saba, nikaitupa kwenye kapu la vipande, nikaziba pale ilipokuwa. Nilipomvika, nikasimama mbele yake, mtu mzima na mvi zangu, nikapepea mikono yangu mwenyewe ili aone ruhusa ipo.

"Pepea, mama," nikamwambia. "Pepea unavyotaka. Nilikosea mimi."

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Vidole vyake vikacheza kidogo. Kisha akaenda kwenye kapu, akachambua vipande hadi akapata mifuko miwili, akaja akainyoosha juu ya meza ya cherehani. Akanishika mikono, akaishusha taratibu, akaibana mbavuni mwangu kwa nguvu.

"Mikono chini," akasema, kwa sauti yangu mimi, ileile ya miaka kumi na saba iliyopita.

Sikuwa na nguvu ya kushindana naye. Nikaiacha ilale pale alipoiweka.

"Vizuri," akaniambia, akaenda kunitafutia pipi.