Miguu Tu

Maji yalikuwa tayari ndani ya beseni, taulo limetandikwa juu ya kiti cha plastiki, na Mama Antoinette alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Coletha atakuya," alisema.

Ndilo jibu alilompa binti yake kila asubuhi tangu ashuke kwenye ndege. Hakulitoa kwa hasira. Alilitoa kama mtu anavyomzuia mgeni asiondoe vyombo mezani, na hilo ndilo lililomchoma Larissa. Keshokutwa likizo ilikuwa inakwisha. Alikuwa amesafiri kutoka Ufaransa hadi Durban na haja moja tu moyoni: amwogeshe mama yake kwa mikono yake mwenyewe, japo mara moja, kabla hajarudi.

Kuogesha watu ndiyo kazi yake. Huko Ufaransa anaishi kijijini, katikati ya mashamba ya ngano, mahali ambapo unaweza kutembea asubuhi nzima ukasalimiana na ng'ombe peke yao. Pembeni mwa kijiji kuna nyumba ya wazee, na ndani ya nyumba hiyo kuna vikongwe wasiokubali kuvuliwa nguo mpaka Larissa aitwe. Mkuu wa nyumba humsifu mbele ya wenzake. Sifa hizo Larissa alizituma nyumbani kwa simu, akasahau kwamba tangu kiharusi kimwangushe mama yake, aliyekuwa akimvua nguo ni jirani. Coletha, Mtanzania wa Bukoba, hupita kila asubuhi kabla ya kwenda saluni anakofanyia kazi. Hakuna aliyemwomba. Alianza tu, na hakuacha.

Aibu hiyo Larissa aliizoea kwa mbali. Simu ikikatika, nayo ilikatika. Hapa Cato Manor, mtaa wa Durban, ililala naye chumba kimoja.

Siku hiyo Coletha alichelewa. Mabomba yalikuwa makavu tangu juzi, na gari la maji lilikuwa limesimama chini ya kilima, watu wamejipanga na ndoo zao. Larissa aliona amepata nafasi.

"Mama, maji yatapoa. Leo niache mimi."

Nje, taxi ilipiga honi ikipandisha mlima.

"Haya," Mama Antoinette alisema mwishowe, akaugeuza uso. "Kuya."

Larissa alifurahi kupita kiasi, na furaha ndiyo iliyomponza. Aligeuka haraka, akaunyoosha mkono juu ya kabati, penye boksi la glavu alilomletea Coletha zawadi, boksi ambalo Coletha alishukuru sana na hakulifungua. Akalichana. Mikono ikaingia yenyewe, moja, ya pili, mpira ukalia kwenye kifundo. Alipoinama kitandani alimkuta mama yake anaitazama ile mikono ya buluu.

"Hii iko nini?"

"Ni glavu, Mama. Ni… kule kazini tunavaa."

"Kazini."

Larissa alizivuta zitoke. Moja ikapasuka, ikang'ang'ania vidoleni.

"Nimesahau, Mama. Ni mazoea tu, haki ya Mungu."

"Si ni weye ulituambiaka?" Mama Antoinette alikwisha kujifunika shuka mpaka kidevuni. Maneno yalimtoka polepole, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. "Ile sauti ulitumaka kwa simu. Ulisema kule wazee banaguswa na mipira, sawa nyama ya bucha. Ulisema batoto yabo hawana haya. Niliwasikizisha wamama wote ya korali ya kanisa. Tulibasikilia huruma, bale wazee."

Larissa aliikumbuka ile sauti. Aliirekodi mwaka wake wa kwanza, akicheka ili asilie.

"Nilikuwa nangojea mtoto," mama yake aliendelea. "Kumbe ni infirmière, nesi wa kazini, ndiye amekuya."

Larissa alisimama na kipande cha glavu mkononi, akatamani sakafu immeze.

"Hodi humu ndani! Shikamoo, Mama!" Coletha aliingia anahema, ndoo imelowesha sketi yake. Aliliona boksi lililochanika, akamwona Larissa. Alikunja mikono ya blauzi. "Mama, leo unanukia marashi ya Ulaya. Tutakuozesha Jumapili hii hii!"

Mama Antoinette akacheka. Shuka lilishuka bila kuvutwa. Coletha alianza mgongoni, kwa viganja vitupu, akisimulia vituko vya foleni ya maji, na yule mgonjwa aliinua mkono kabla hajaambiwa ainue.

Larissa alishika taulo. Aliona aibu kwa mikono yake, akaona aibu mbele ya Coletha, na zaidi ya yote aliona aibu kwa wivu uliokuwa ukimtafuna. Akamkumbuka binti wa Madame Solange, mmoja wa wale vikongwe wa nyumba ya wazee. Mama yule huko kijijini hamkubali mwingine ila Larissa, na binti yake huja Jumapili na maua, husimama karibu na mlango, taulo mkononi, hajui aweke wapi macho. Larissa na wenzake walikuwa wakimcheka jikoni. Sasa alijua yule mwanamke alikuwa akimeza nini.

"Dada, nachelewa taxi," Coletha alisema, akijifuta. "Miguu bado."

"Miguu afanye yeye," Mama Antoinette alisema. Akafikiri kidogo. "Miguu tu."

Larissa alipiga magoti, akaishusha miguu ya mama yake ndani ya beseni kando ya kitanda. Nyayo zilikuwa ngumu, zimepasuka kisiginoni. Ndizo zilizomtoa mama yake Uvira, Kongo, ndizo zilizozunguka ufukwe wa South Beach miaka nenda rudi akiwatafuta watalii wa kusuka nywele. Alianza na mguu mmoja, akauosha taratibu. Alipitisha vidole katikati ya vidole, akakausha kimoja kimoja unyevu usibaki, akakandamiza dole gumba penye shimo la unyayo mpaka misuli ikalegea.

Mama yake alikuwa amefumba macho.

"Ule bibi wa kule, ulituambiaka anakutaka weye tu. Na yeye unamufanyiaka hivi?"

Angeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini.

"Ndiyo, Mama. Hivi hivi."

Mama Antoinette alifumbua macho, akamtazama kama anayempima mtu asiyemjua. Hatua za Coletha zilikuwa zimekwisha potea huko chini barabarani.

"Ule bibi iko na bahati," alisema, bila uchungu wowote.

Larissa hakuinua kichwa. Mguu wa pili ulikuwa bado ndani ya beseni, na maji yalikuwa yameanza kupoa.