Vipimo vya Boila

Mzee alikuwa amefura tangu asubuhi. Chama cha wahandisi kilitaka kumpa nishani, kikamwandikia historia ya kazi zake, na bintiye, mhandisi kama yeye, alikuwa akimsomea sebuleni huku mama akikunja nguo.

"Eti nilianza na redio. Nani kawaambia? Nilianza kwa kuchimba mitaro ya nyaya."

Simu, madaraja, pampu za maji, boila za kiwanda cha karatasi; kajitoa miaka arobaini mpaka mgongo umekwisha, leo vijana wa kwenye viyoyozi wanamwandikia upuuzi. Aka, karatasi hiyo aichane tu.

Binti akaendelea. "'Boila ilipopasuka, ripoti yake ilifichua kwamba mtunza boila alighushi vipimo vya mvuke.' Baba, si ndiye mjomba?"

Mama aliacha kukunja. Ndiye, kaka yake wa damu, aliyefukuzwa kazi na mikono imeungua. Mama hajaongea naye miaka ishirini na sita, maana aliamini uzembe wake nusura umuue mumewe.

"Wewe soma, usinihoji," mzee alifoka.

"Ripoti nimeisoma. Miezi mitatu daftari la boila lililoambatishwa lina vipimo vilevile, na kila ukurasa una sahihi yako."

"Sasa ningefanya nini? Geji ya kupimia mvuke ilikufa. Niliagiza nyingine, haikuja. Wakubwa hawataki boila izimwe, wanataka daftari lijazwe. Nikamwambia anakili vipimo vya jana. Naye shemeji bwege, si angekataa?"

Neno likishatoka halirudishwi mdomoni. Mzee alitazama dirishani kwa hasira, kana kwamba aliyesema yuko huko nje.

"Kwa hiyo ulimtuma wewe," mama alisema, "halafu ukamwandikia ripoti."

"Nilikuwa na watoto wa kusomesha."

"Na yeye hakuwa nao?" Mama alisukuma nguo pembeni. "Alikuja hapa na bandeji zake, anakuomba useme ukweli. Nikamtukana, nikamfungia mlango. Wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alitafuta wa kumlaumu, akakosa.

"Chumbani," alisema. "Nilikuwa nawasikia."

Mama akamgeukia binti, akamwambia ampigie mjomba wake simu sasa hivi. Binti alishika simu, akabaki ameiangalia.

"Mama," alisema, "namba yake hatuna."