Bia Iliyoitwa Henriette

Henriette hakuwa mnywaji. Glasi moja Krismasi, nyingine harusini, basi. Lakini mumewe, Apollinaire, alipewa na bosi wake wa ghala la vinywaji kule Jacobs, Durban, mwaliko wa watu wawili wa kuonja bia za Kiingereza, na mwanamke anayesimama saluni wiki nzima hakatai kuketi mahali akahudumiwa. Jumamosi ile alifunga saluni mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani, wakatoka kwao Greyville kwa gari hadi Westville, kwenye nyumba yenye bustani pana iliyopangwa meza.

Mgeni wa heshima alikuwa Belinda, mama wa Kiingereza mwenye mikono ya kazi, mmoja wa wenye kiwanda kidogo cha bia kijijini kwao. Hakuwa na maringo. Aliwafundisha wageni kuinusa bia kwanza, kunywa kidogo, kuiacha itembee mdomoni kabla ya kumeza. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya asali na haikuwa na baridi. Apollinaire akanong'ona kwamba hii imesahauliwa juani, Henriette akambana mbavu asicheke. Ya pili ilikuwa chungu, uchungu wa majani, lakini ukishameza ulibaki na harufu ya ganda la chungwa. Henriette alijishangaa kujiona anaomba kuongezewa.

Ikaja ya mwisho, nyeusi, povu lake kama kahawa ya maziwa. Henriette akainusa kama alivyofundishwa, na mkono ukasita. Moshi wa mkaratusi. Ndizi zilizoivishwa shimoni. Akaonja. Chini ya utamu ule kulikuwa na mtama uliokaangwa hadi ukakaribia kuungua, vilevile alivyoukaanga marehemu mama yake nyuma ya nyumba yao ya Kadutu, mjini Bukavu, alipotengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuuza. Majirani walimwambia anaunguza nafaka bure. Yeye aliwajibu wanywe kwanza ndipo waseme. Hakuna mwingine aliyeipika hivyo. Henriette akadhani ulimi unamdanganya, akanywa tena. Ladha ikawa ileile.

Belinda alikuwa akieleza kwamba bia hiyo ilibuniwa na mpika bia wao, Mkongomani aliyefika Uingereza kama mkimbizi, akaanza kwa kuosha mapipa. Siri ya kuipika aliachiwa na mama mkwe wake.

"Ameipa jina la mke wake aliyeuawa vitani," Belinda akasema, akiigeuza chupa ili wote waone. "Henriette."

Henriette akaiweka glasi mezani.

Kabla ya Apollinaire alikuwapo Ruphin. Ndoa yao ilikuwa bado changa Ruphin alipopanda lori kwenda Uvira kutafuta kazi, na lori lile likashambuliwa njiani na kuchomwa moto. Waliofika na habari walisema hakupona hata mmoja. Henriette alinyoa nywele, akakaa matanga, na vita vilipoingia mtaani kwao akakimbilia Tanzania akiwa na mimba ambayo Ruphin hakuijua. Mireille alizaliwa kambini. Miaka ilipita ndipo wakafika Durban, na hapo Apollinaire akamwoa kanisani na kumlea mtoto kama wake. Sasa Mireille alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, palepale Westville.

"Huyo bwana anaitwa nani?" Henriette akauliza.

"Ruphin. Unamfahamu?"

"Mimi ndiye Henriette."

Mgeni mmoja alicheka akidhani ni mchezo. Belinda hakucheka. Alimtazama usoni, akatoa simu, akatafuta picha. Mtu wa kwenye picha alikuwa na mvi, lakini pengo la meno ya mbele lilikuwa lilelile, na kichwa kimeinamishwa upande kama mtu anayesikiliza. Henriette akaketi bila kuangalia kama kiti kipo. Apollinaire ndiye aliyemsogezea.

Apollinaire akaitazama picha kwa muda. Kila mwaka yeye ndiye aliyekwenda parokiani kumwombea misa marehemu mume wa kwanza wa mkewe, kwa kuwa aliona ni haki.

"Mama Mireille," akasema taratibu, "huyu ndiye tuliyekuwa tunamwombea misa?"

Henriette aliitikia kwa kichwa tu.

Belinda akampigia Ruphin simu, akamweleza kwa maneno machache, akampa Henriette. Sauti ya upande wa pili ikauliza, kwa Kiswahili cha Bukavu, "Ni nani iko anacheza na mie?"

"Ni mie, Ruphin. Mama alikuwa anakaanga mtama, na wewe ulikuwa unamwibia ndizi shimoni."

Ruphin alilia kwanza, akaeleza baadaye: aliruka kutoka kwenye lori kabla halijashika moto, akajificha porini kwa wiki kadhaa, na aliporudi Bukavu nyumba ilikuwa majivu. Alioneshwa kaburi ambamo wanawake wa mtaa walizikwa pamoja. "Nimeweka jiwe kwa kaburi yako," akasema.

Henriette akamwambia yote, kwa kuwa hakuona la kuficha: kwamba ana bwana, mtu mwema, yuko pembeni yake, na kwamba yuko mtoto, msichana, aliyeondoka Bukavu tumboni. Simu ilikatika, au aliikata.

Apollinaire alikuwa ameshafika getini, ameshika vyuma kwa mikono miwili. Henriette akamfuata.

"Sasa mie ni nani kwako?" Apollinaire akamwuliza.

"Wewe ni bwana yangu," Henriette akajibu. "Mie ndiye sijui niko nani. Nimekaa pale watu wanakunywa kwa kunikumbuka."

Hawakwenda nyumbani. Walielekea chuoni moja kwa moja, wakamweleza Mireille ndani ya gari, vioo vimefungwa. Msichana hakuuliza lolote kuhusu Ruphin. Alimgeukia Apollinaire, akamwuliza kama ataondoka. Apollinaire akasema hapana.

Padri wao, walipomwuliza ndoa ipi ndiyo halali, alishika kichwa, akakiri kwamba jambo hilo limemzidi, lazima amwulize askofu. Kabla jibu halijatoka, Ruphin alipiga simu, safari hii akiomba kuzungumza na Apollinaire. Henriette alisikia upande mmoja tu: ndiyo, kaka, hapana, kaka, njoo, nyumba iko. Kumbe Ruphin hakuoa tena, na hakudai mke. Aliomba kumwona mtoto tu.

Alikuja wakati wa baridi. Apollinaire alisisitiza kwenda mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege, pamoja na Henriette na Mireille. Ruphin alipotoka na mkoba wake, wanaume hao wawili walishikana mikono na kusahau kuiachia, huku watu wakiwapita kulia na kushoto. Henriette alisimama nyuma yao. Mireille, aliyekuwa amepanga maneno mengi tangu asubuhi, alisogea mbele, akayatafuta yote asiyaone, mwisho akamwuliza Ruphin kama amechoka na safari.