Mkeka wa Ukaguzi

Kinyozi alikuwa ameipenda ile nyumba kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu hatakiwi kupenda kitu chenye mabati. Alikuwa ameiona mara tatu, zote Jumapili, na kila alipotoka alikuwa amezidi kuharibika. Vyumba vitatu. Jiko lenye dirisha. Bomba la maji lililo ndani, lisilo na foleni. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kupanga vyumba viwili na kusalimiana na wapangaji wenzake akiwa na taulo kiunoni na ndoo mkononi, bomba hilo peke yake lilitosha kumtoa machozi.

Mkewe hakulia. Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na alichotaka katika nyumba kilikuwa kimoja tu: kulala mchana. Kule walikopanga alilala na pamba masikioni, na bado alimsikia mjukuu wa mwenye nyumba akijifunza tarumbeta, kazi aliyoianza miaka miwili nyuma bila dalili yoyote ya kuimaliza. Mwezi uliopita, kwa usingizi, muuguzi alikaribia kumpa mgonjwa wa kitanda cha sita dawa ya kitanda cha tisa. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Tangu siku hiyo hakufanya tena mzaha na usingizi.

Kwa hiyo dalali alipoleta karatasi za mauzo, aliwekewa sharti.

“Kabla hatujasaini, nitalala humo,” alisema muuguzi. “Mchana, siku ya kazi.”

Dalali, ambaye mtaa mzima ulimwita Asali kwa sababu ya ulimi wake, alicheka. Alipogundua anacheka peke yake, aliacha.

“Shemeji, watu hukagua paa, hukagua nyufa, hufungulia maji. Hii ya kulala sijapata kuiona.”

“Paa nimelikagua. Nyufa nimezihesabu, ziko mbili. Nyumba nanunua niilalie, sio niitazame.”

“Basi Jumapili ijayo, pakiwa pametulia.”

“Jumanne.”

Ikawa Jumanne. Muuguzi alifika moja kwa moja kutoka zamu, mkeka kwapani, macho mekundu kama ya aliyemenya vitunguu vya harusi nzima. Asali alifungua mlango, akabonyeza swichi, taa haikuwaka.

“Umeme umekatika mtaa mzima,” alisema, na kwa mtu anayetoa habari mbaya alionekana na furaha kupita kiasi. “Wanasema mpaka jioni.”

Kinyozi hakuona ajabu. Mapenzi hayana macho, na mita ya umeme hayaisomi.

Kikao cha usingizi kilifunguliwa rasmi saa tatu na nusu. Muuguzi alitandika mkeka katika chumba cha nyuma, akakunja sweta likawa mto, akatangaza kwamba asisemeshwe na kiumbe yeyote mpaka saa nane. Wanaume wawili wakatolewa nje, wakaketi kwenye ngazi za mlango na kikombe kimoja cha maji.

Adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyosikika. Kinyozi aliishi kwa ulimi sawasawa na mkasi, na Asali mkasi hakuwa nao kabisa. Kuwaketisha watu wa aina hiyo pamoja na kuwaamuru wanyamaze ni sawa na kuwafungia mbuzi wawili bustanini na kuwaomba waheshimu mboga. Walivumilia dakika kumi.

“Kile kibanda cha mabati nyuma ya ukuta ni cha nini?” kinyozi alinong'ona.

“Stoo,” alinong'ona Asali. Na hakudanganya. Mahindi yalihifadhiwa mle kwa muda wa dakika tano, kabla ya kusagwa.

Saa sita na robo, taa ya barazani iliwaka yenyewe mchana kweupe. Asali aliitazama kama mwanafunzi aliyeona tochi ya mwalimu wa zamu mlangoni mwa bweni. Kisha nyuma ya ukuta kitu kilikohoa, kikakohoa tena, kikaanza kunguruma. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Kikombe cha maji kikaanza kusogea kuelekea ukingo wa ngazi, kwa hatua ndogo ndogo, kama mtu anayetoroka mkutano.

“Stoo,” alisema kinyozi.

“Yenye mashine kidogo,” Asali alikubali.

Kinyozi aliliwazia lile bomba. Akanyanyuka mbio, akauzunguka ukuta, akajitosa kibandani. Ndani alikuta jitu la mtu, jeupe kuanzia nyusi hadi viatu, likimimina mahindi kwenye mashine, na kina mama watatu wakisubiri na ndoo zao. Alipiga kelele hadi mishipa ikamtoka shingoni. Msagaji akaweka mkono sikioni, akakata tamaa, akazima.

“Nakuomba, kaka. Zima mpaka saa nane tu. Mke wangu amelala hapo nyuma.”

“Anaumwa?”

“Haumwi. Anakagua nyumba.”

Kina mama wakatazamana. Msagaji akajifuta macho kwa kiganja chenye unga, jambo ambalo halikumsaidia.

“Wewe ni wa tatu,” alisema. “Wa kwanza alitaka nizime mama mkwe wake aje aione. Wa pili alikuja na soda. Wewe hata soda huna.”

“Nitaleta.”

“Sitaki soda. Nitakuzimia, kwa sababu ya huo uso uliokuja nao. Lakini mimi nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kesho utakuja kuniomba tena? Na keshokutwa?”

Kinyozi alifungua mdomo. Mdomo huo haukuwahi kukosa jibu, hata kwa mteja mwenye upara aliyeomba mtindo mpya. Sasa uliingiwa na unga.

“Mwacheni dada wa watu alale,” alisema mama mmoja. “Ila saa nane ikipita na dakika moja, nasaga mwenyewe.”

Kinyozi alirudi ngazini akaketi. Kimya kilikuwa kizuri sana, na kilikuwa cha kuazima.

“Umetuokoa, ndugu yangu,” Asali alinong'ona. “Akishasaini atazoea. Binadamu huzoea.”

Kinyozi alikuwa anafikiria kitanda cha sita.

Saa nane kamili muuguzi alitoka, mistari ya mkeka imechorwa shavuni. “Haya,” alisema. “Kalamu iko wapi?”

Asali alikuwa ameshaichomoa. Kinyozi akaipokea mkononi mwa Asali kabla haijamfikia mkewe, akaichomeka nyuma ya sikio, pale anapoweka kitana.

“Mama watoto, hapo nyuma pana mashine ya kusaga. Kutwa, siku sita kwa wiki. Ilinyamaza kwa sababu umeme ulikatika. Uliporudi, nilikwenda kumwomba azime.”

Mkewe alimtazama. Akalamba kidole gumba, akamfuta unga kwenye nyusi.

“Nilisikia ikiwaka, nikasikia ikizimwa. Na nilimwacha kinyozi mlangoni, nimeamka nakuta gunia la unga.”

“Sasa kalamu uliitakia nini?”

“Nilitaka kuona nani ataileta.”

Asali alijishughulisha na kifungo cha shati lake.

“Una nyumba nyingine?” muuguzi alimuuliza.

“Ipo moja, shemeji. Ndogo kidogo. Hakuna mashine, hakuna tarumbeta.”

“Bomba?” aliuliza kinyozi.

“Liko nje. Lakini ni la kwenu peke yenu.”

“Tutaiona lini?”

“Jumanne,” alisema Asali kwa huzuni. “Umeme ukiwepo.”

Kinyozi aliingia jikoni mara ya mwisho. Alilifungulia lile bomba, akakinga kiganja, akanywa funda moja, akalifunga vizuri lisivuje. Nyuma ya ukuta mashine ikakohoa. Akatoka, akaubeba mkeka.