Mama Aliyekwenda Kumkana Mwanawe

Vita vilipopamba moto, serikali ilipiga marufuku kusikiliza redio ya adui. Ukikamatwa, ndani. Waliosalimika ni watu wachache wa ghorofa ya tatu ya wizara, ambao walilipwa mshahara kuisikiliza kutwa.

Mmoja wao alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Masikio, maana alisikia hata mtangazaji wa adui akimeza mate. Alivaa hedifoni, akaandika alichosikia, akampelekea Mkurugenzi, fundi wa kulainisha maneno. Adui akitangaza kwamba ameteka mji wetu, Mkurugenzi huandika: "Adui amekiri kuwa yuko mbali na kwao." Waziri akisoma hayo, analala usingizi mnono.

Asubuhi moja kilikuja kipindi cha salamu za mateka. Masikio alikuwa akiandika huku anapiga miayo, mara akasikia:

"Mama, ni mimi, Kibonge. Sijafa. Walinikuta nimelala kwenye handaki, wakaniamsha kwa teke. Chakula si kibaya, ila chumvi hawaijui. Msalimie shemeji, mwambie aache kununa."

Kalamu ilimdondoka. Kibonge alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa mama mkwe wake. Matanga yake yalishaanuliwa. Serikali ilitangaza kwamba alikufa akiwakinga wenzake kwa kifua chake, na picha yake ikabandikwa kila ukuta.

Akamkimbilia Mkurugenzi. "Bosi, shujaa wetu yu hai. Walimkamata anakoroma."

"Shujaa hakoromi," alijibu Mkurugenzi. "Hiyo ni sauti ya kuigiza. Mlete mama yake asikilize kanda, aseme mbele ya mashahidi kwamba si mwanawe. Nawe ukimdokeza neno, utajuta."

Masikio akaondoka na wasiwasi. Mdomo wa mama mkwe wake haukuwa na komeo. Akifurahi, mtaa mzima unajua. Jioni, wakikunja nguo, alithubutu kusema hili tu: "Mama, kesho unaitwa ofisini kwetu. Lolote utakalosikia, meza kwanza ndipo useme."

"Mwanangu, mimi tangu lini nikameza?"

"Ndiyo ninachoogopa."

Kesho yake kanda ikazungushwa. Iliposema "Mama, ni mimi," bibi yule alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mdomo ukaanza kufunguka. Masikio akamkanyaga mguu, akakandamiza. Mdomo ukajifumba.

"Rudieni," akasema bibi. Wakarudia. "Ongezeni sauti." Wakaongeza.

"Si yeye," akatamka hatimaye, macho makavu. "Mwanangu mimi alale vitani? Thubutu! Huyo mhuni tu." Mkurugenzi akasugua viganja kwa furaha. "Ila, baba, waongo hawachoki. Wakimleta tena huyo mhuni, niiteni nije nimkane. Nitakuja hata kwa miguu."

Walipokata kona ya mtaa, mama mkwe aliegemea ukuta akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Umenivunja kidole," alisema. "Asante, mwanangu. Ana mafua, umemsikia? Nilimwambia achukue sweta!"

Tangu hapo kila Kibonge aliposikika, gari la wizara lilimfuata mama mlangoni. Anakaribishwa chai, anavaa hedifoni, anamkana mwanawe kwa moyo wote. Siku Kibonge alipoimba, alimkana mara nne mfululizo.

Mkurugenzi naye hakuwa mjinga. Siku moja, mama alipokwisha kuondoka, alifunga mlango akalegeza tai.

"Kuna kijana mmoja ana kithembe," alisema, akitazama dirishani. "Alikwenda na kikosi cha mpakani. Hatujapata habari zake. Ukimsikia, unijulishe."

"Ni wako, bosi?"

"Unijulishe, ili tumkane."

Masikio, aliyemchukia mtu huyu tangu siku ya kwanza, alivaa tena hedifoni. Akaanza kutega sikio kwa ajili yake. Miezi ikapita, mpaka siku moja katikati ya mikwaruzo ikaja sauti nyembamba: "Baba, mimi mzima. Thalamu kwa wote nyumbani."

Alimwita Mkurugenzi mbio, akarudisha kanda nyuma, akamvika hedifoni yeye mwenyewe. Mkubwa yule alisikiliza hadi neno la mwisho. Kisha akasimama, akajikohoza, akakitangazia chumba kizima: "Si yeye!" Akateremka ngazi mbilimbili kwenda kumpigia simu mkewe.

Vita viliisha wakubwa walipopeana mikono. Mateka wakarudishwa kwa malori, Kibonge akashuka amenenepa kuliko alivyoondoka. Mama yake alimzaba kofi kwa kulala vitani, na kabla shavu halijapoa alikuwa amemkumbatia. Serikali ikaeleza kwamba shujaa wa kwenye picha ni mwingine, wamefanana tu. Kibonge hakubisha, aliomba apewe chakula chenye chumvi.

Masikio alihamishiwa idara ya hali ya hewa. Huko nako akakuta mvua hairuhusiwi kunyesha siku ya gwaride.