Asipokula, Hapewi

Watu wa mtaa ule wa Geita walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba Melania ana ndagu, na mtaa ukishakubaliana jambo, hata malaika akishuka kukanusha ataulizwa ametumwa na nani. Ndagu, kwa asiyejua, ni utajiri wa dawa. Mganga anakupa pamoja na masharti, na siku utakayovunja sharti ndiyo siku utakayookota makopo au kuzikwa. Sasa Melania, mjane wa marehemu Donatus aliyepata dhahabu pale wenzake walipopata vumbi, alikuwa na masharti kweli. Kila mwenye macho alikuwa ameyaona.

Asubuhi na jioni lazima awe nyumbani, mvua inyeshe isinyeshe. Mjomba wake alipofariki kule Kharumwa, alikwenda, akazika, akarudi siku hiyohiyo bila kulala msibani, na jambo hilo watu wa Kharumwa wanalo rohoni mpaka leo. Akifika nyumbani huvaa glavu, hufungua kabati la sebuleni kwa ufunguo anaouvaa shingoni, hutoa kitu kidogo asichokigusa kwa mkono mtupu, hukificha ndani ya ini la kuku na kumlisha kijibwa. Na kijibwa chenyewe, jamani! Kimenyonyoka ubavuni kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto, kina tumbo kama mtungi, kinakunywa maji hayaishi, kinahema kutwa, na hakifi.

Kilikuwa kijibwa cha kizungu, ukubwa wake haumzidi jogoo. Donatus aliachiwa na bosi mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Watu walipoanza kucheka kwamba Donatus siku hizi analea mbwa wa kupakata, akakiita Mtasema. Wakasema kweli, wala hawajachoka.

Ukweli ulikuwa mfupi na haukumvutia mtu. Mtasema alikuwa mzee na mgonjwa. Melania alimpakata kwenye basi mpaka ng'ambo ya daraja, Mwanza, kwa daktari wa mifugo ambaye kwa kawaida huitiwa ng'ombe. Daktari akatoa damu, akapima, akasema ugonjwa unaitwa Kushingi. Kauvimbe kadogo kichwani kanaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni kupita kiasi, na mbwa anakula, anakunywa, ananyonyoka, anatepeta. Kupona hakuna, kuna kupunguza tu. Dawa itatoka Nairobi.

"Lakini sikiliza, mama," daktari alisema, kidole juu. "Dawa hii inashusha, na ikishusha mno inaua. Kwa hiyo unampa akishakula. Asipokula, hapewi. Akitapika au akilegea, hapewi. Ukiona amelegea hivyo, unampa hiki kidonge kidogo cheupe, upesi, halafu unanipigia. Tumeelewana?"

Glavu nazo zilikuwa za daktari, kwa sababu dawa ile haifai kwa mwanamke ambaye bado anazaa, na Melania ana binti anayeosha vyombo vilevile akija likizo.

Basi Melania akafungwa. Hakuna neno lingine. Mfungwa ana siku ya kutoka, yeye hakuwa nayo. Vikao vya ukoo alivikosa, kitchen party za wenzake alizikosa, na wenzake wakaacha kumwalika. Kuna asubuhi alimtazama yule mbwa akamwambia waziwazi, "Si ufe basi nipumzike," kisha akakimbilia kumtafutia ini. Maana kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, kwa kuwa lingechekwa. Donatus alikuwa akimsemesha Mtasema kwa Kisukuma tu. Violeth, binti yao wa pekee, alilelewa kwenye mabweni, na Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu. Donatus alipokufa, ndani ya nyumba ile akabaki kiumbe mmoja tu wa kuongea naye kwa lugha ya nyumbani. "Mwangaluka, ng'wana wane," Melania humwambia kila asubuhi, umeamkaje, mwanangu, na mbwa hutikisa mkia uliobaki na manyoya machache.

Tatizo lilikuwa Violeth. Wachumba wawili walishakuja, wakaulizia mtaani kama ilivyo desturi, wakasikia habari za mbwa, wakapotea bila kuaga. Sasa alikuwapo Edson wa Tinde, mwalimu mwenzake huko Shinyanga, kijana mpole ambaye Violeth akimtaja hushindwa kuficha meno.

"Mama, huyu akiondoka sitampata mwingine kama yeye," Violeth alimwambia. "Mbwa ni mzee. Sikwambii umuue. Nasema usimpe dawa, basi."

"Na tofauti yake ni nini?"

Violeth alilia. Melania naye alilia, chumbani kwake, mlango umefungwa. Mama gani huyo anayepima mtoto na mbwa kwenye mzani mmoja?

Siku wazee wa Tinde walipokuja kutoa posa, Mtasema hakula. Melania alimwekea ini, mbwa akageuza uso. Akamwekea mchuzi, mbwa akatapika povu kwenye mkeka. Melania akafunga kabati. Asipokula, hapewi. Alimlaza chini ya kabati hilo la sebuleni, kwenye kivuli, akaazimia kumpigia daktari wageni wakishaketi. Ila wageni wa posa wakishaketi, mwenye nyumba naye ameketi.

Walikuwa wazee wawili wasio na maneno mengi, na shangazi yake Edson aitwaye Mageni, mwenye maneno yao wote. Upande wa bibi harusi alisimama Maduhu, mdogo wake marehemu Donatus. Salamu zikaenda vizuri, soda zikafunguliwa, ng'ombe wakatajwa kwa mafumbo. Violeth alikuwa jikoni, sikio mlangoni. Ndipo Mageni akaweka soda chini.

"Mama Violeth, mimi sijui kuzunguka," alisema. "Edson nimemlea mimi, mama yake alimwacha ananyonya. Na sote tunajua, penye ndagu mkwe ndiye hutangulia kutolewa kafara. Tumesikia hapa kuna kitu kinalishwa. Ni kweli au ni uongo?"

Maduhu alikohoa. Melania akasema, "Shangazi, ni dawa ya mbwa. Ni mgonjwa."

"Nimefurahi. Dawa ya mbwa hutolewa na yeyote, hata mpita njia. Nipe leo nimpe mimi, kwa mkono wangu. Kitu chenye sharti hakikubali mkono wa mgeni. Kikikubali, tunakula, tunataja ng'ombe, na atakayesema tena nitamjibu mimi."

"Wabeja, asante!" Maduhu aliruka kwa furaha. "Hayo ndiyo maneno. Shemeji, mpe shangazi dawa, mambo yaishe."

Na kweli ilikuwa haki. Siku nyingine yoyote Melania angemvisha glavu mwenyewe, akamshukuru.

"Leo hapewi," alisema.

"Hapewi?"

"Hajala. Asipokula hapewi."

"Kumbe kila siku hakosi, leo nilipoomba mimi ndipo hapewi."

Melania akajaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Ni lazima ale kwanza. Kidonge hakivunjwi. Hakishikwi kwa mkono mtupu. Mwanamke anayezaa asikiguse. Kikitolewa vibaya, kinaua. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka yamejipanga kama masharti ya mganga, moja baada ya jingine, akanyamaza katikati ya sentensi. Wazee wawili walikuwa wanatazamana. Alifikiria kumpigia daktari aongee nao, akamwona mawazoni Mageni akiuliza, "Huyo ndiye mganga wenu mwenyewe?" na wala asiwe amekosea neno. Akauacha mkono wake juu ya paja.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Violeth alikuwa amesimama hapo, kanga mdomoni. Anaijua sheria ya daktari, ameisikia mpaka kuichukia. Macho yake tu yalisema, na Melania alikuwa ameyasoma macho hayo tangu yalipofunguka duniani.

"Haya," Melania alisema. "Njoo umpe."

Alidhani atapata upenyo pale kabatini, achukue kidonge kingine, hata cha mafua. Mageni alimfuata hatua kwa hatua, akasimama begani kwake mpaka pakiti ilipotoka. Alidhani basi mbwa atakitema. Lakini Mageni amekulia kwenye ng'ombe, na mtu aliyenywesha ndama dawa hashindwi na kijibwa. Alivaa glavu alizopewa, akapiga goti, akapanua taya, akasukuma kidonge mpaka nyuma ya ulimi, akafumba mdomo, akampapasa koo. Mtasema akameza, huku akimtazama Melania.

"Kimekubali!" Mageni alisema, akavua glavu. Uso wake wote ulilainika, akawa mama mwingine kabisa, mzuri, mwenye machozi karibu. "Nisamehe, dada yangu. Uoga wa mtoto."

"Huna kosa," Melania alijibu. Na hakuwa na kosa.

Chakula kikaletwa. Wali, kuku, mchicha wa karanga, na furaha ikakaa mezani na kuvua viatu. Mageni alimvuta Melania akae ubavuni kwake, akamshika mkono, hakuuachia. Alisimulia utoto wa Edson, jinsi alivyoogopa mbuzi, jinsi alivyokula sabuni. Wazee wakapata sauti. Maduhu akataja ng'ombe, wakapunguza, akapandisha, wakacheka. Violeth alipita na birika la kunawisha, akawa anatetemesha maji kwa furaha.

Chini ya kabati Mtasema alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikamkataa.

Melania aliona. Kidonge cheupe kilikuwa ndani ya kabati lilelile, kwenye kopo la kahawa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Hatua chache tu. Akainuka.

"Vipi, umekumbuka nini?" Mageni aliuliza, na macho yake yakaenda kwa mbwa, yakarudi kwa Melania. Hayakuwa macho mabaya. Ila yalikuwa yanangoja. Maana ndagu ikiguswa na mkono wa mgeni, kitu huanguka, na mwenye kitu huchanganyikiwa. Mwenye kitu atalia kama amefiwa, atakimbilia kabati lake kutafuta dawa nyingine. Kila mtoto wa Usukumani anajua hadithi hiyo inavyokwisha.

"Chumvi," Melania alisema.

"Chumvi imetosha. Kaa, dada."

Akakaa. Alikula tonge. Mbwa alikuwa amelala ubavu sasa, anatetemeka, ulimi umegusa sakafu. Hakulia. Laiti angelia, mtu angeuliza, na pengine Melania asingeweza tena kujizuia. Alijisemea rohoni kwa Kisukuma, ng'wana wane, ng'wana wane, huku mdomoni akimjibu Maduhu habari za mvua.

Ndipo Violeth alipomwona mbwa. Alisimama na birika lake, furaha ikamtoka usoni kama iliyofutwa kwa kitambaa. Akamtazama mama yake. Akaweka birika chini, akapiga hatua kuelekea kabatini, hatua ya mtu aliyeamua, na Melania alijua kwamba angefungua, angempa kidonge mbele ya watu wote, na Edson angekwenda na maji. Mtoto wake mwema. Alikuwa tayari kulipa.

"Violeth!" Melania alisema kwa sauti ya mwenye nyumba. "Hebu waongezee wageni mchuzi."

"Mama..."

"Mchuzi, mwanangu. Wageni hawajashiba."

Violeth akachukua bakuli, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko mchuzi unavyohitaji.

Mageni alifuata macho yao mpaka chini ya kabati. "Kazeeka huyo," alisema polepole. "Kama anakufa."

"Ni mbwa tu," Melania alisema, akamwongezea kipande cha kuku.

Mageni alimtazama usoni, akatafuta alichokuwa anatafuta, hakukiona. Akapumua, akala.

Wageni wa posa hawaondoki upesi. Walishukuru, wakaombea nyumba, wakashukuru tena. Kisha ilibidi wasindikizwe mpaka garini, taratibu, kwa hadithi, maana kumharakisha mgeni ni kumfukuza. Melania alipopita karibu na kabati hakugeuka. Hakukuwa na haja. Kuhema kule alikokusikia kutwa na kucha, mpaka akawa hakusikii tena, kulikuwa kumekoma, na sebule yote ilikuwa kimya kwa namna ambayo yeye peke yake aliisikia.

Nje, majirani walikuwa wamejitokeza milangoni kuona mambo yameishaje. Gari likawashwa. Mageni akatoa kichwa dirishani, anacheka.

"Jamani, mbona kimya? Mmetupa mke, hata kigelegele hamtupigii?"

Violeth alijaribu, sauti haikutoka. Watu wote wakamgeukia mama wa bibi harusi. Melania alifungua mdomo na kwa nukta moja akaogopa kitakachotoka. Kikatoka kigelegele, kirefu, chembamba, cha juu kuliko alivyowahi kupiga hata siku ya harusi yake mwenyewe. Wanawake wa mtaani wakakipokea kutoka milangoni, mmoja baada ya mwingine, wale wale waliosema. Mageni akapiga makofi. Gari likapinda kona ya kwenda barabara kuu.

Majirani wakachoka, wakarudi ndani. Violeth alimshika mama yake mkono, akamtikisa.

"Mama, basi. Mama, wameshaondoka."

Lakini Melania alikuwa bado anapiga.