Dakika Nane Nyuma ya Kulwa

Jana Jumapili, baada ya kushiba ugali na sato, nilijilaza kwenye kochi mbele ya televisheni, nikaota nimechaguliwa timu ya taifa ya mchezo wa theluji. Hakuna aliyeshangaa. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, fundi cherehani wa Shinyanga mjini, magoti yananilalamikia hata kwenye ngazi tatu za kanisani, lakini kocha alinitazama akasema, "Huyu hapa," nikapewa namba ya kifuani.

Mchezo wenyewe ndio ule niliokuwa nautazama nikisinzia. Kwanza unavaa skii, zile mbao ndefu za miguuni, unateleza kwenye mteremko, unaruka hewani na kutua mbali. Kisha, siku hiyohiyo, wote mnakimbia kilomita kumi kwenye theluji. Aliyeruka mbali zaidi ndiye anayeanza mbio kwanza. Wengine wanasubiri, kila mmoja sekunde zake kadiri alivyozidiwa. Sheria hiyo niliielewa mara moja bila kufundishwa, kwa sababu nimezaliwa nayo.

Maana mimi ni Doto. Kulwa alitoka kwanza, mimi nikafuata baada ya dakika nane, na tangu siku hiyo kila kitu kinaanza na yeye. Mama yetu aliitwa Mama Kulwa. Hata akinihitaji mimi alisema, "Kulwa, aah, we Doto!" Na mama alipofariki, nyumbani kwa Kulwa kule Mwanza, Kulwa alikuwa naye kitandani. Mimi nililetewa habari na jirani, mama ameshafunikwa shuka. Kulwa hakunipigia simu. Mwaka mmoja na miezi minne sasa sijamsemesha, na sitaki kudanganya, roho inaniuma.

Basi huko ndotoni, Kulwa ndiye aliyevaa fulana ya njano, ile ya anayeongoza msimu. Mashindano yalianza Finland mwezi wa kumi na moja, akashinda. Nikafumba macho tukawa Norway, akashinda. Tukanywa chai Austria, akashinda kabla sijamaliza andazi. Sasa ni mwezi wa tatu, ni mashindano ya mwisho, na mwamuzi ananiita pembeni.

Mwamuzi ni saa ya kupimia mbio, kubwa kama sinia, imevaa miwani.

"Mama," inasema, "usipomfikia Kulwa kabla ya mstari wa mwisho, msimu unafungwa. Hamtaonana tena."

"Hatutaonana kwa maana gani?"

"Maana ya kawaida. Panda juu."

Napanda. Njiani skii zinaanza maneno.

"Umetupaka nini?" inauliza ya kushoto.

"Mafuta ya mgando."

"Wenzetu wamepakwa nta."

"Shukuruni sikuwapaka mafuta ya cherehani."

"Hatutateleza," inasema ya kulia. "Tutanata mpaka watu watucheke."

"Nateni kimyakimya," nasema, na ninaruka.

Huko juu kumetulia. Chini naona mabati ya Shinyanga yamejaa theluji, na mtu anaanua nguo zilizoganda, suruali zimesimama zenyewe. Upepo unanibeba vizuri kweli. Kwa mara ya kwanza maishani naona ninaelekea kumpita Kulwa. Natua mbali, nimepiga goti vizuri kama wanavyotaka, nanyanyua mikono.

Anakuja mfuko wa upepo, ule wa kiwanja cha ndege, anatembea kwa mkia wake.

"Pole na safari, mama. Umebebwa na upepo wetu. Sheria inasema urudishwe."

"Nitaurudishaje?"

"Kama ulivyouchukua."

Ananifungulia mdomo wake. Napuliza. Napuliza mpaka masikio yanaziba, na kila nikisita anasema, "Bado kidogo." Nikimaliza nageuka, alama yangu ya kutua imesogea nyuma mita thelathini. Inaona aibu, haitaki kunitazama.

Pembeni wamekaa majaji watano wa mtindo wa kuruka. Wote ni shangazi zangu. Wanakula karanga.

"Ametua vizuri," anasema mmoja.

"Lakini Kulwa ndiye mkubwa," anasema mwingine, na wote wanaandika.

Saa inapiga hesabu. "Umezidiwa dakika nane."

"Wenzangu wote wamezidiwa sekunde!"

"Hao hawakuzaliwa pacha," inasema.

Kulwa anaitwa mstarini. Anageuka, ananiona, anabaki ameganda hapo. Saa inamwambia, "Nenda, dada, aliye mbele haruhusiwi kusimama," na theluji yenyewe inaanza kutembea chini yake, inamchukua. Mimi nasubiri dakika zangu nane. Ni nyingi, jamani. Mtu anaweza kuzaliwa, akaoshwa, akapewa jina, akabembelezwa, bado hazijaisha.

Halafu naachiwa. Nakimbia. Skii zinanata, zinaomba radhi, zinanata tena. Njia inapita msituni, inakata kona, inaingia sebuleni kwa Kulwa, Mwanza. Waombolezaji wamekaa kwenye mikeka. "Hodi, napita," nasema. "Pita, Doto," wanasema, wanakunja miguu. Mlango wa chumba cha mama umefungwa. Nataka kusimama hapo, moyo unakataa kuendelea, lakini njia haisimami, inanitoa kwa mlango wa jikoni mpaka kwenye theluji tena.

Na hapo naona mgongo wa njano.

Kulwa hakimbii. Amekumbatia mti kwa mikono yote miwili, theluji inamvuta kwenda mbele, miguu inaelea. Mstari wa mwisho uko hatua chache tu.

"Unafanya nini hapo?" namuuliza.

"Nakusubiri. Mikono imekufa ganzi."

"Siku ile hukunisubiri. Hata kunipigia hukunipigia!"

"Nilipiga mara tatu, Doto. Nikakuandikia uje na kitana."

"Kitana?"

"Kitana, ndiyo. Kimbia, mti unang'oka!"

Mti unang'oka. Najitupa mzimamzima, namdaka kiganja. Ni cha moto, kimetoka jasho, ni kiganja changu mwenyewe. Saa inavua miwani ili ione vizuri, nami nikaamka.

Televisheni ilikuwa imeshahamia kwenye tangazo la sabuni. Nilicheka peke yangu. Kitana! Mtu anapoteza pumzi mlimani kwa ajili ya kitana.

Kisha kicheko kikaniishia. Nilikumbuka kwamba wiki mbili kabla ya mama kufariki tuligombana, mimi na Kulwa, juu ya sare za harusi ya mpwa wetu. Alichagua rangi peke yake, rangi ya ugoro, bila kuniuliza. Kwa hasira nikaifungia namba yake kwenye simu yangu. Kisha nikasahau, kwa kuwa baada ya msiba sikutaka tena kuliona hata jina lake.

Nikaichukua simu. Ilinichukua muda kupapasa, mambo ya simu siyawezi, nikaona pameandikwa namba zilizofungiwa. Palikuwa na simu tatu, tarehe ile aliyofariki mama, saa nne asubuhi. Chini yake ujumbe mmoja ambao haujafunguliwa.

"Doto njoo upesi. Mama anakuulizia wewe tu. Anasema uje na kitana, hataki mimi nimchane, eti mkono wangu mzito."

Nilikaa chini sakafuni. Nililia mpaka kanga ya kifuani ikalowa, nikamwomba mama msamaha kwa sauti, majirani wakisikia na wasikie.

Halafu nikaifungua namba, nikapiga. Kulwa alipokea kabla haijaita mara ya pili, akihema. Sikumuuliza anahemea nini.